Kutoka Garimoshi hadi Masega: Historia ya Majina ya Moshi na ya Vifaa vya Kuusafisha

Utangulizi

Mijadala yetu ya istilahi mara nyingi huanzia darasani au ofisini, na mara nyingi huishia huko huko. Makala haya yanaanzia mahali pengine. Yanaanzia katika bonde la Msimbazi na mitaa iliyo karibu nalo, yaani Jangwani, Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi mafundi wa vyombo vya moto wamekuwa wakivipa vipuri majina bila kungoja idhini ya kamati yoyote. Suala tulilolichagua ni dogo kwa sura. Fundi anapobadili njia ya kuingizia hewa katika injini ya pikipiki, kwa mfano anapoliondoa boksi la chujio na kuweka chujio la wazi, mara nyingi huviondoa pia vifaa ambavyo kiwanda kiliviweka kwa ajili ya kupunguza sumu ya moshi. Jambo hili kwa kawaida huachiwa wahandisi na wakaguzi wa mazingira. Sisi tutajaribu kuonyesha kwamba lina upande wa lugha, na kwamba upande huo una historia.

Hoja yetu ni hii. Kiswahili kiliipokea mitambo ya kigeni kwa jicho na kwa sikio: kilikipa chombo jina kwa kile kilichoonekana au kusikika. Njia hiyo ilifaa sana maadamu kazi ya chombo ilikuwa wazi kwa mtumiaji. Lakini vifaa vya kusafisha moshi hufanya kazi isiyoonekana wala kusikika. Kifaa cha namna hiyo kikikosa jina linalotaja kazi yake, basi machoni pa mwenye chombo huwa hakina kazi, na kitu kisicho na kazi ni haki yake kutupwa. Kwa hiyo istilahi za vifaa hivi si pambo la kamusi. Zinahusu hewa wanayoivuta watu wanaoishi na kufanya kazi kando ya barabara zetu.

Enzi ya jicho na sikio

Lugha yoyote inapokutana na mtambo mgeni hushika kwanza kile kinachojitokeza. Meli zilipoanza kwenda bila tanga ziliitwa meli za moshi. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914, na chombo kilichopita juu yake kikaitwa garimoshi. Yafaa tuliangalie jina hilo kwa makini. Halikutaja maji yaliyochemshwa wala mvuke uliosukuma pistoni, ambao ndio hasa uliokuwa nguvu ya chombo. Lilitaja moshi, kwa kuwa moshi ndio uliowafikia watu kabla ya gari lenyewe. Hivyo takataka ya mtambo ikapewa heshima ya kuwa jina la mtambo, na moshi ukawa dalili ya nguvu na ya mwendo.

Majina ya aina hiyo hudumu kuliko hali zilizoyazaa. Injini za mvuke ziliondoka, zikaja za dizeli, na jina garimoshi likabaki. Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, jina hilo halikuweza tena kunyooshwa, na wananchi wakaona ni lazima waseme treni ya umeme. Hali kadhalika, magari na pikipiki kwa jumla tunaviita vyombo vya moto, nalo ni jina zuri, lakini ni jina linalotazama mwako tu. Hakuna jina la jumla linalotazama kile ambacho mwako huo unakiacha hewani.

Pikipiki, kwa upande wake, ilipokewa kwa sikio. Jina lake ni mlio uliogeuka nomino, na ndivyo lilivyo pia jina lake jingine, tukutuku. Mahali pengine lugha ilichukua mali yake yenyewe na kuihamisha: usukani ulitoka nyuma ya jahazi ukaingia mikononi mwa dereva, bila mtu yeyote kuona ajabu.

Njia ya tatu ilikuwa kukopa. Kariakoo yenyewe ni ushahidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi cha wapagazi wa jeshi kilipiga kambi hapo, na jina la Kiingereza la kikosi hicho likatamkwa kwa ulimi wa Kiswahili mpaka likawa jina la mtaa na la soko. Kwa njia hiyo hiyo tulipata injini, breki, gia, klachi, plagi, pistoni, silinda, kabureta na ekzosi, pamoja na taniboi, msaidizi wa dereva wa lori.

Maneno haya ya mkopo hayamwambii Mswahili kitu kwa umbo lake. Neno kabureta halina mzizi ambao mtoto wa shule anaweza kuukisia. Hata hivyo kutoeleza kwake hakukuleta hasara kubwa, kwa sababu yale ambayo neno halikufundisha, chombo chenyewe kilifundisha. Breki ikiharibika, dereva hujua kabla ya kufika njia panda. Plagi ikichafuka, injini haiwaki. Sailensa ikitobolewa, mtaa mzima husikia. Fundi hakuhitaji kamusi imweleze kwa nini vitu hivyo vibaki mahali pake.

Injini yenye mwili

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, na utaratibu wake wa kuunda istilahi unajulikana sana: kwanza tutafute katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Ukilipima kwa utaratibu huo, gereji la Kariakoo limefanya kazi nzuri kuliko linavyosifiwa. Neno lilipokosekana lilikopwa, lakini maelezo ya ugonjwa wa injini yalibaki kuwa Kiswahili kitupu. Injini hula oili, hunywa petroli, hukohoa, huchemka, hupumua, na mwisho hufa. Fundi anayesema hivyo ameichukua elimu ya mwili wa binadamu, ambayo kila mteja anayo, akaitumia kueleza mtambo ambao mteja haujui.

Lakini sitiari, pamoja na uzuri wake, ina mipaka, na hapa ndipo suala letu linapoanzia. Ikiwa injini hupumua, basi chujio la hewa ni pua yake, na boksi la plastiki linalolizunguka chujio hilo ni kitambaa kilichofunika pua. Kwa mantiki hiyo, kuondoa boksi ni kuipa injini pumzi, na kila mpira mwembamba uliochomekwa kwenye boksi ni kizuizi tu. Mteja huelewa mara moja na kukubali. Kila neno katika maelezo hayo ni Kiswahili safi, na bado jumla yake si kweli.

Ukweli wa kitaalamu ni kwamba injini ya petroli haihitaji hewa nyingi kadiri iwezekanavyo, bali hewa kwa kipimo. Ili petroli iungue yote, panatakiwa takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Pikipiki yenye kabureta ikiongezewa hewa bila kuongezewa petroli, mchanganyiko wake huwa mwepesi, injini hupata joto kupita kiasi, na pistoni huweza kuungua. Fundi mzoefu hulijua hilo, naye hupanua tundu la petroli ndani ya kabureta. Akizidisha, mchanganyiko huwa mzito, moshi huwa mweusi na petroli huisha upesi. Aidha, chujio la wazi lisilo na ubora huingiza vumbi, na bonde la Msimbazi halina upungufu wa vumbi wakati wa kiangazi, kama lisivyo na upungufu wa maji wakati wa masika.

Haya yanagusa watu wengi kuliko zamani. Neno bodaboda, ambalo lilianza kwa waendesha baiskeli wa mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, leo ni la Afrika Mashariki nzima. Hapa Tanzania pikipiki za kubeba abiria kwa malipo ziliwekewa kanuni za leseni mwaka 2010 chini ya SUMATRA, ambayo kazi zake za usafiri wa nchi kavu zilichukuliwa na LATRA mwaka 2019. Katika muda huo pikipiki imegeuka kutoka chombo cha bwana shamba na mwinjilisti ikawa kazi ya maelfu ya vijana. Mwendeshaji hukaa juu yake mchana kutwa, na anayeuvuta moshi wake ni yeye, abiria wake, na mama anayeuza vitumbua kando ya kituo.

Vifaa vinne na njia ya hewa

Chanzo cha vifaa tunavyovizungumzia kiko mbali na hapa. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa kemia Arie Haagen-Smit alieleza kwamba utusitusi uliokuwa ukiwasha macho ya wakazi wa Los Angeles ulitokana na mwanga wa jua kufanya kazi juu ya mivuke ya petroli na oksidi za naitrojeni zitokazo katika magari. Kuanzia magari ya mwaka 1961, jimbo la California likapata kifaa cha kwanza cha kuzuia gesi za injini zisitoke ovyo. Marekani iliweka viwango vya moshi wa pikipiki kuanzia zile za mwaka 1978, na Jumuiya ya Ulaya ikafuata mwaka 1999. India, ambako hutoka pikipiki nyingi zinazouzwa kwetu, iliingia katika kiwango chake kikali kinachoitwa BS VI mwezi Aprili 2020. Pikipiki zinazofika Kariakoo ni za vizazi tofauti, na kwa hiyo nyingine zina kifaa kimoja tu na nyingine zinavyo vyote vinne.

Kifaa cha kwanza ni mpira wa kupumulia. Gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka hadi chumba cha chini kilimo oili. Gesi hiyo ina petroli isiyoungua. Katika injini za zamani ilitolewa nje moja kwa moja. Katika injini za sasa hurudishwa kwa mpira hadi kwenye boksi la chujio ili ivutwe tena na kuunguzwa. Boksi likiondolewa, mpira huo hubaki ukining'inia, na mvuke wa oili hutoka njiani.

Kifaa cha pili huchukua hewa safi kutoka kwenye boksi hilo hilo, kikaipitisha katika vali ya njia moja, na kuiingiza mwanzoni mwa ekzosi. Pale ambapo gesi ingali na moto, hewa hiyo huunguza mabaki ya petroli ambayo hayakuwahi kuungua ndani ya silinda. Wengi huamini kwamba kifaa hiki hupunguza nguvu. Lakini hewa yake huingia katika njia ya kutokea, baada ya pistoni kumaliza kazi yake, wala haiingii katika chumba cha mwako. Anayekiondoa na kuziba tundu lake hupunguza uzito mdogo tu, na hapati nguvu yoyote ya kutajika.

Kifaa cha tatu ni kopo lenye mkaa maalumu. Mvuke wa petroli unaotoka kwenye tangi pikipiki inapokaa juani hunaswa na mkaa huo, kisha huvutwa na injini inapowashwa. Nalo huunganishwa na njia ya hewa, na njia hiyo ikibadilishwa huwa halina pa kushikia.

Kifaa cha nne kimo ndani ya ekzosi yenyewe. Ni kipande cha kauri au bati jembamba chenye vitundu vingi vilivyopakwa madini ya platini, paladiamu na rodiamu. Kikishapata joto la kutosha, gesi za sumu zinazopita humo hugeuzwa kuwa gesi zisizo na madhara hayo. Fundi anayebadili njia ya hewa mara nyingi huambiwa na mteja abadili na njia ya moshi, ili kazi iwe moja, na hapo kifaa hiki nacho huondoka.

Sasa tutazame majina. Kifaa cha kwanza kina jina la kawaida linaloeleza kazi kwa nusu: hupumulia, lakini kurudisha hakutajwi. Cha pili na cha tatu, kwa wateja wengi, havina jina lolote. Huingia katika neno moja la jumla, makorokoro. Anayesema ondoa makorokoro hajasema neno baya. Amesema tu kile ambacho lugha ilimwezesha kukisema.

Masega na risasi

Kifaa cha nne ndicho chenye historia ya kuvutia zaidi, kwa kuwa kilipata jina zuri la Kiswahili bila msaada wa mtaalamu yeyote wa lugha. Mafundi walikifungua, wakaona vitundu vilivyopangika kwa usawa, katika magari mara nyingi takriban 60 katika eneo la sentimita moja ya mraba, wakakiita masega. Hawakujua, wala hawakuhitaji kujua, kwamba wahandisi walioliunda umbo hilo katika kauri mwanzoni mwa miaka ya 1970 nao walilifananisha na sega la nyuki. Neno hili lina sifa zote zinazotakiwa na utaratibu wetu: ni la Kiswahili, ni fupi, linatamkika, linakubalika, na tayari limeenea. Kamati ikitaka kuliondoa itapoteza muda wake.

Pamoja na hayo yote, masega huondolewa kila siku. Hapa msomaji anaweza kutupinga akisema: mbona kifaa hiki kina jina, na bado hutupwa? Jibu letu ni kwamba jina hili, kama garimoshi, limetoka machoni. Linataja umbo, halitaji kazi. Tena sega tunalolijua hukaa likiwa limejaa. Sega lililojaa asali ni neema, lakini masega yaliyojaa masizi ni kizuizi, na fundi akiyaona hivyo huona ameugundua ugonjwa. Kwamba vitundu hivyo vimo humo ili kuua sumu, jina halisemi.

Tukumbuke pia kwamba desturi ya kutoa masega huenda haikuanza kwa ujinga. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, na risasi huyafunika madini ya masega na kuyaua. Katika nchi iliyouza petroli ya namna hiyo, masega ya gari lililotoka ng'ambo yalikufa upesi, na masega yaliyokufa na kuziba hayakuwa na faida. Katika mkutano wa Dakar wa Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiacha petroli yenye risasi, na ilipofika Januari 2006 eneo hilo lilikuwa limeiacha. Mwezi Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikaingia katika dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mafuta, basi, yamesafishwa ili vifaa hivi viweze kuishi. Sababu ya kuvitoa imepungua nguvu, lakini desturi imebaki, na imeongezewa sababu nyingine: madini yaliyomo ni ya thamani, na masega makuukuu yana mnunuzi.

Gesi iliyo hatari kuliko zote katika moshi wa petroli, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Pikipiki iliyotolewa masega inaweza kuonekana haina moshi kabisa, na mwenyewe akaapa kwamba iko safi. Jicho halimsaidii, sikio halimsaidii, wala pua. Katika jambo la namna hii neno ndilo mwalimu pekee aliyebaki, na neno lenyewe halipo.

Tatizo la mfasiri

Hadi hapa tumezungumza na fundi. Tuzungumze sasa na mtumishi wa serikali na mfasiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka 2004, na chini yake zikatungwa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa mwaka 2007. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kwa hiyo sheria na kanuni za aina hiyo hazina budi kusomeka kwa Kiswahili kinachoweza kusimama mahakamani, na pia kinachoweza kusimama gerejini.

Mfasiri anapofika kwenye dhana ya gesi zitokazo katika ekzosi hukuta njia nne, na kila moja ina mwiba. Akiandika uzalishaji wa gesi, anatumia neno la sifa: kiwanda huzalisha saruji, mkulima huzalisha mahindi, na msomaji anaweza kudhani pikipiki inazalisha kitu chenye faida. Akiandika kutoa hewa chafu, anaeleweka haraka mno, kwa kuwa maneno hayo, kwa adabu ya lugha, yana maana nyingine inayochekesha darasa. Akiandika hewa ukaa, msomaji atafikiria mabadiliko ya tabianchi na biashara ya kaboni, wakati kanuni inazungumzia sumu ya leo barabarani. Na akiandika moshi tu, amekwisha kumwachilia mwenye pikipiki ambayo moshi wake hauonekani.

Dhana ya pili ni ile ya kukiharibu kifaa kwa makusudi. Hapa Kiswahili cha mtaani kimekwisha kutoa jibu. Mtu anayeingilia mita ya umeme husemwa ameichezea mita, na kila mwananchi anajua kwamba mchezo huo ni kosa. Nchini Marekani sheria ya kukataza kuchezea vifaa vya moshi iliwahusu kwanza watengenezaji na wauzaji, mwaka 1977 ikapanuliwa hadi mafundi wa gereji, na mwaka 1990 hadi mtu yeyote. Tukitaka kuandika katazo kama hilo kwa lugha yetu, kitenzi tunacho. Tusichokuwa nacho ni orodha ya vitu visivyotakiwa kuchezewa. Hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa kuondoa makorokoro.

Mwalimu wa ufundi naye yumo katika shida hiyo hiyo. Anaweza kuvitaja vifaa hivi kwa herufi za kifupi cha Kiingereza zilizomo katika kitabu cha kiwanda, na mwanafunzi akazikariri na kufaulu mtihani. Lakini atakapofungua gereji lake, hata likiwa gereji bubu chini ya mwembe, mteja wake hatazungumza kwa herufi hizo. Siku ile mteja atakaposema toa hiki, mwanafunzi wetu hatakuwa na sentensi ya Kiswahili ya kumjibu.

Mapendekezo

Kiswahili kinao mfano uliokwisha kuzaa matunda, nao ni wa kuunganisha kiambishi ki-, kitenzi na yambwa: kinasa sauti, kipaza sauti, kipima joto. Majina haya hueleza kazi kabla ya kueleza sura. Kwa kuufuata mfano huo tunatoa mapendekezo yafuatayo, ili yajadiliwe.

Gesi taka: gesi zote za madhara zitokazo katika injini au katika tangi la mafuta, ziwe zinaonekana au hazionekani. Neno hili linafuata maji taka na taka ngumu, ambayo watumishi wa serikali za mitaa wameyazoea, na halina maana ya kuchekesha.

Kirejesha mvuke: mpira na vali vinavyorudisha gesi za chumba cha chini cha injini katika njia ya hewa ili ziunguzwe. Mafundi wanaweza kuendelea kusema mpira wa kupumulia katika mazungumzo.

Kiunguza masazo: kifaa kinachoingiza hewa safi mwanzoni mwa ekzosi ili kuunguza petroli iliyosazwa na mwako. Kwa neno masazo tunakusudia kumkumbusha mteja kwamba kazi hii hufanyika baada ya injini kushiba, na hivyo haiinyimi kitu.

Kinasa mvuke: kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli kutoka katika tangi.

Kisafisha moshi: chombo kizima kilichomo katika ekzosi ambacho hugeuza gesi taka kuwa gesi zisizo na madhara hayo. Masega libaki kuwa jina la sehemu ya ndani ya chombo hicho. Hivyo mtu ataweza kusema masega ya kisafisha moshi yameziba, na atakayesikia atajua kwamba dawa ni kuweka mengine, si kuacha tundu tupu.

Walimu wa kemia watauliza kwa nini hatukulitumia neno kichocheo, ambalo wanalitumia darasani kwa kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia. Neno hilo ni sahihi, na lifaa kubaki katika vitabu vya sekondari. Lakini mwendesha bodaboda akiambiwa kwamba ekzosi yake ina kichocheo, atadhani ni kitu cha kuongeza mwendo.

Hitimisho

Hatudai kwamba jina peke yake litarudisha masega katika ekzosi. Bei ya vipuri, uhaba wa ukaguzi na thamani ya madini yaliyomo ni mambo mazito, na hayaondolewi na kamati ya lugha. Tunachosema ni kwamba mambo hayo yote hupitia mazungumzoni: mteja huomba, fundi hushauri, askari huuliza, hakimu husoma. Pasipo neno la kazi ya kifaa, kila mmoja wao huzungumzia bomba.

Tunapendekeza basi kwamba kabla ya istilahi hizi kusanifiwa zipelekwe kwanza Gerezani na Mtaa wa Shaurimoyo, zisomwe kwa sauti mbele ya watu wanaoshika spana, na zile ambazo ulimi wao utazikataa zibadilishwe. Wasomaji wetu, hasa walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri wa kanuni za mazingira, wanaombwa kutuletea majina mengine wanayoyasikia katika sehemu zao, pamoja na maelezo ya kifaa kinachotajwa na mahali jina linapotumika. Huenda Tanga, Mwanza au Mombasa fundi mmoja amekwisha kukiita kiunguza masazo kwa jina bora kuliko letu.